Taa ya kijani na salamu za Ami

Nizwa, Jumatatu, baada ya isha

Mwanangu Salma kalala, homa imeshuka. Hasira yangu ndiyo haijashuka.

Tulikuwa tunampeleka hospitali, anachemka mapajani mwangu, na ile taa mpya ya njia panda ikawaka kijani. Gari ya mbele haiendi! Dereva wake kafungua kioo, anaulizana habari na mwenye pikapu wa upande wa pili, mpaka za jamaa walioko mji wa Samail. Taa ikarudi nyekundu.

Nasor mume wangu, tangu arudi masomoni Misri, hadithi yake ni tramu tu, ile treni ya barabarani. Ati inapita katikati ya magari, lakini ina taa yake peke yake. Ikiwaka, wote huipisha.

"Tramu iko wapi hapa? Piga honi!" nikamwambia pale kwenye usukani.

Akapiga. Dereva akashuka. Kumbe Ami Khalfan, ndugu yake baba yangu! Akaja dirishani kwangu, na nyuma ya kilemba chake taa imewaka kijani tena.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Na mimi, mtoto anaungua mikononi, nikajibu kama nilivyolelewa: "Hawajambo, Ami. Sote wazima, alhamdulillahi."

Taa ikarudi nyekundu.

Tramu ingepita. Tramu haina ami.