Wamembeba Mama mu Roho

Juru, Kambi ya Wakimbizi ya Nakivale
Tarehe 9 Septemba 2012

Mpendwa mdogo wangu Kalume,

Salamu mingi katika jina la Bwana. Muko je huko Kanada? Mke wako Mariette na watoto hawajambo? Nasikia baridi imeanza kuwakaribia. Wavalisheni watoto vizuri. Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mvua imerudi na tumeshapanda maharagi.

Sasa habari za Mama yetu, maana najua ndizo unazozitafuta.

Ule uvimbe wa titi haujapungua. Daktari wa Mbarara alisema ukatwe upesi, kabla haujaingia kwapani, na gari ya wagonjwa inakuja kuchukua watu hapa Juru. Mama anakataa kupanda. Haogopi kisu, hapana. Anaogopa kwamba wageni watakuja wamkose.

Wageni gani? Ngoja nikueleze. Mwezi wa saba kanisa letu lilipokea wamisionari kutoka Amerika. Mdogo wangu, siwezi kuwasema vibaya. Walipaka kanisa chokaa, walicheza na watoto, walikula bugali wetu kwa mikono bila kukunja uso. Siku ya kuaga, mmoja wao, mama mtu mzima anayeitwa Anne, alimkumbatia Mama, akalia sana, akasema maneno kwa Kiingereza. Mwinjilisti Grégoire ndiye alikuwa anatafsiri. Akasema: "Mama Sidonie, banakubeba mu roho." Kisha wakampiga picha.

Basi. Unajua hapa kambini neno kubeba lina maana gani. Wewe na Mariette mulibebwa mpaka Kanada. Familia ya Gatete ilibebwa. Na kila aliyebebwa alianza kwa kupigwa picha. Mimi nilielewa kwamba yule mama atamkumbuka Mama moyoni mwake. Mama yeye alielewa kwamba Roho Mtakatifu mwenyewe ndiye ametoa safari.

Tangu hapo amefunga virago. Shamba lake la kando ya njia amempa jirani alime, na jembe lake pia. Asubuhi anaoga, anavaa kitenge chake cha ibada, anakaa mlangoni. Gari ya shirika la wakimbizi ikipita, anasimama. Mimi naenda nyuma ya nyumba kulia, kisha narudi kupika.

Usifikiri sijajaribu. Nilimwambia hao ni wa Amerika, na wewe uko Kanada. Akanijibu kwamba wazungu hawana mipaka kama yetu. Nikamwita Grégoire aje ajieleze. Alikuja, maskini, akaketi, akasema roho aliyoitaja siku ile ni moyo tu. Mama akamwangalia kwa huruma.

"Wewe ulitoa mudomo tu, mwana wangu," akamwambia. "Mwenye kusema hakukuwa wewe."

Na Grégoire mwenyewe ndivyo anavyotuhubiria kila Jumapili. Akaomba sala fupi, akaenda zake.

Nafikiri sana juu ya ile safari ya wale wamisionari. Hawakudanganya. Pengine mpaka leo Anne anamtaja Mama kwenye maombi, na picha yake iko ukutani kule. Lakini sijui fasi wala anwani ya kumpata, na hata nikimpata, nimwambie nini? Kwamba asimpende Mama?

Nilitaka kukuomba umwandikie wewe, kwa kuwa wewe anakuamini. Umwambie hakuna anayekuja, aende Mbarara. Lakini nikiandika hivyo mkono unakataa. Hilo tumaini ndilo linalomwamsha asubuhi. Nikimnyang'anya, nitampandisha nani kwenye gari? Nikimwachia, uvimbe unamla. Kalume, mimi nimeshindwa. Nimeshindwa kabisa. Tafuta wewe mwenyewe neno la kumwambia, ila fanya upesi.

Nisalimie sana Mariette, na watoto, Ulrich na Gisèle, uwabusu kwa niaba yangu. Bwana awatunze katika baridi hiyo, na awape kazi isiyowavunja mgongo.

Salamu za Mama hazimo humu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akacheka, akaniambia nisijichoshe. Atakuletea mwenyewe.

Ni mimi yaya yako, dada yako mkubwa, nikupendaye siku zote,
Apolline