Mpira Uliopotelea Ukunguni Kichiwa

Kamwene, dada Neema. Ndivyo wanavyosalimiana huku Kichiwa kwa shangazi.

Upepo wa Makambako ulinipokea, baridi ya Njombe ikanilaza. Wewe nahodha wangu unajua nilivyoondoka Dar: goti limegoma, nami nimeshaamua kwamba miaka kumi na moja ya kuichezea nchi kriketi, nikirusha na kupiga, imetosha.

Leo asubuhi ukungu ulifunika mashamba ya viazi, hata miparachichi ikaonekana nusu. Shangazi, ambaye hajawahi kuniona nikicheza, akaniuliza, "Kwani kwenye timu kazi yako hasa ni ipi?"

"Narusha, tena napiga, shangazi. Sasa goti limenikatalia kurusha."

"Basi nitarusha mimi."

Akakaza kitenge, akautoa mpira wa kriketi begini mwangu, akaurusha kama anayefukuza ngedere kwenye mahindi. Nikaupiga kwa gongo langu la kriketi. Ukazama ukunguni, nasi tukasimama kusubiri sauti ya kuanguka kwake. Haikuja. Nilijisikia mwepesi, kama siku niliyovaa jezi ya taifa mara ya kwanza.

Tuliutafuta mpaka umande ukatulowesha miguu, hatukuupata. Shangazi akasema, "Mtu anayepiga hivi anaacha kwa nini?"

Dada, tafuta mrushaji mwingine. Mimi nitarudi kupiga tu, ukinikubali. Joto la Dar likuhurumie, na wanao uwabusu mmoja mmoja.

Mdogo wako,
Tumaini