Picha ya Figo

Jumatatu, 2 Agosti 2021
Daftari langu, samahani. Tangu Faraja azaliwe sijakugusa — miezi minne! Akilala nalala, akiamka nanyonyesha huku nasinzia. Leo ubavu unauma, usingizi hauji, ndiyo maana naandika. Daktari wa hapa Same anahisi kijiwe kwenye figo. Kesho Moshi, picha ya CT. Faraja atabaki na bibi yake, mama yake Anold, mume wangu; kateremka kutoka kijijini Bombo, kule milimani, kutusaidia. Jioni nitakuwa nimerudi.

Jumanne, 3 Agosti
Sikurudi.
Kijiwe kipo, kidogo, eti nikinywa maji mengi kitatoka chenyewe. Lakini picha ya tumbo huanzia juu kidogo, ikachukua na sehemu ya chini ya mapafu. Daktari akaona kama ukungu, pande zote mbili. Unakohoa? Sikohoi. Homa? Sina. Wakanipima puani — korona. Anasema imeonekana mapema, ni bahati. Nimelazwa chumba cha peke yangu, waangalie pumzi.
Nikampigia mama mkwe. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Akacheka. Kwa hiyo umepeleka figo wamekurudishia mapafu? Na ukungu, akasema, Bombo wanaamka nao kila siku na hajalazwa mtu.
Nikacheka na mimi. Halafu nikalia. Maziwa yamejaa, kanga imelowa.

Jumatano, 4 Agosti
Homa imeanza alfajiri. Picha ilijua kabla yangu! Oksijeni iko vizuri, dawa nimeanza.
Mama mkwe hacheki tena. Faraja anakataa maziwa ya kopo, analia tu. Bibi yake anataka amwachishe ziwa kabisa, kesho ampandishe Bombo akanywe ya ng'ombe. Anold hawezi kumpinga mama yake — anasema "tutaona" tu. Nesi Beatha kaniambia ninyonyeshe, nivae barakoa, ninawe mikono. Tena mtoto nilikuwa naye mpaka jana, aletwe aangaliwe. Na bibi apimwe.
Nikapiga tena. Nikaongea taratibu.
"Mama, nakuheshimu. Lakini mtoto haendi Bombo. Anakuja kwangu."
Akauliza barakoa za watoto wachanga zinauzwa duka gani. Nikamwambia mtoto havai, avae yeye. Simu ikakatika. Sijui kakubali, sijui anafunga mizigo.
Namtumia Anold meseji awalete kesho. Naiandika hapa kwanza nisisahau: barakoa boksi moja. Sabuni. Kanga mbili kavu. Nepi. Kofia ya sufu, huku baridi. Kadi ya kliniki. Chaja. Mama, apimwe. Na Faraja.