Baba, Nimebaki na Fuwele Moja

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa hapa Manundu, chumbani kwako, na ninaogopa. Jana nilikwenda Sindeni kupalilia kaburi lako. Kesho napanda basi la Dar, halafu ndege inirudishe chuoni Ulaya. Mama hataki. "Umeme umeshakula mmoja nyumba hii," anasema, kisha anaendelea kupepeta mchele.

Shamba la mkonge limeuzwa tangu uondoke. Tajiri mpya amebadilisha nyaya zote za korona, ile mashine ya kuchakata mkonge iliyokulisha na kukuua ukiwa fundi umeme wake. Nikiisikia ikinguruma, nafunga dirisha.

Uliwaambia majirani eti nasomea umeme wa Wazungu. Sikiliza basi. Tunatengeneza molekuli za kaboni na salfa, zinapangana kama chapati kwenye sahani, zinakuwa fuwele nyembamba kama unywele. Ukiipoza sana, umeme unapita humo bila kupotea hata kidogo. Ukitoa salfa ukaweka seleni, elementi ya ukoo mmoja nayo, molekuli zinashikana kwa namna nyingine, na fuwele inabadilika tabia: hii inaupokea umeme vizuri, ile inaukataa kabisa. Mimi natafuta mchanganyiko unaoupokea.

Nilikuza fuwele mbili. Ya kwanza nimeivunja. Ulinifundisha kugusa waya nisioujua kwa mgongo wa mkono, ili ukiwa na umeme mkono uruke wenyewe. Basi mbele ya profesa, nilipoufikia waya wa kipimo, mkono ukageuka bila kuniuliza, ukaigonga fuwele. Profesa alidhani nafukuza nzi. Ningecheka, ila nilikuwa naokota vipande. Umeme wenyewe ni mdogo, hauui hata sisimizi. Najua hivyo, lakini nikiitazama swichi ya kuuwasha nakuona umelala kwenye sakafu ya kiwanda.

Sasa imebaki moja. Nikiivunja na hii, sina muda wa kukuza nyingine, masomo yangu yanaishia hapo.

Leo asubuhi nimefungua begi, nikakuta Mama amenitilia glavu zako za mpira, zile ulizozisahau nyumbani siku ile. Siwezi kushika kitu chembamba vile nikiwa nimezivaa, lakini nitaziweka karibu na swichi.

Nitawasha, Baba. Nitakuwa naogopa, na nitawasha. Wewe pumzika.

Mwanao,
Zaina