Faili Nililolifuata Kisaka

Kemambo, Tarime

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya pili uliimaliza, au uliiacha ulipoona nafuu? Na kahawa, mmeshachuma yote? Baba mdogo alirudi kuziba paa la jiko, au bado mvua inawafuata mpaka mafigani?

Barua hii inakuja na Mwalimu Komba, mtu wa kwetu anayefundisha kijiji cha jirani, Matongo. Anakuja Mbinga likizo. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu huwa nasema huku kwema, halafu nakata, na Tumaini anakuwa pembeni yako akisikiliza kila neno. Isome akiwa ametoka kucheza.

Najua ulikasirika nilipokosa ubatizo wake. Nilikwambia kazi imenibana. Ni kweli ilinibana, ila sikukwambia kwamba kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Unajua mimi ndiye ninayetunza kompyuta za kituo hiki cha afya. Wodi ya wazazi ina vishikwambi vinne ambavyo wauguzi hufungulia taarifa za wajawazito. Vilikuwa vinakwamakwama, nikaagizwa niviwekee mfumo mpya. Nikafuta kila kilichokuwemo, nikaweka upya. Vikawaka vizuri, vyepesi kabisa, ila waifai ikawa dhaifu. Ukisimama mlangoni pa ofisi inashika. Ukivuka ua kwenda wodini, inapotea.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Ndani ya kishikwambi kuna kifaa kinachonasa mawimbi, na kuna programu ndogo inayokiendesha. Kifaa hicho ni kilekile kwenye mashine nyingi, lakini kila aina ya mashine ina antena yake na nguvu yake, kwa hiyo ile programu hutafuta faili fupi la mipangilio ya mashine ya aina hiyo tu. Isipolikuta, inachukua la jumla, halafu inafanya kazi kwa kubahatisha. Faili letu mimi ndiye niliyelifuta, na sikuwa nimeweka nakala. Nikajaribu la mashine ya aina nyingine, hali ikawa mbaya zaidi.

Alhamisi niliyokuwa nianze safari ya kuja huko, aliletwa mama mmoja kwa bodaboda kutoka Matongo. Uchungu ulikuwa umemshika na kadi ya kliniki ameisahau nyumbani. Muuguzi Nyangi akafungua kishikwambi, hakuna kitu. Akatoka mbio kwenye mvua, akavuka ua hadi ofisini, akasoma huko kwamba mama yule alivuja damu nyingi uzazi uliopita. Aliporudi, damu ilikuwa imeshaanza. Walimpigania mimi nikiwa nimesimama koridoni na begi langu la safari. Mama, sijawahi kusali vile. Mungu mkubwa, alipona, na mtoto wake wa kike ni mzima.

Nyangi alipotoka hakunigombeza. Aliliangalia begi, akasema taratibu, "Nenda tu, dada. Sisi tutaendelea kukimbia."

Nikarudisha begi chumbani.

Mganga mfawidhi akakumbuka kwamba zahanati moja ya Kisaka, upande wa Serengeti, ilipewa vishikwambi kama vyetu. Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda, tukavuka Mto Mara, nikafika nimepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Mkunga wa pale anaitwa Mama Ghati, amebakiza muda mfupi astaafu. Aliposikia nimefuata nini, alikikumbatia kishikwambi chake kifuani. Akaniambia kwamba vijana wa kompyuta walishakuja mara mbili kutaka kukibadilisha akawafukuza, kwa kuwa kinafanya kazi na yeye hahitaji zaidi ya hapo. Nikamsimulia habari za yule mama wa Matongo, na kwamba mimi ndiye niliyeharibu. Akakiweka mezani na kuvuta kiti akae karibu yangu, macho yote kwenye vidole vyangu.

Faili lenyewe halijazi hata ukurasa mmoja, mama. Nikalinakili kwenye flashi, naye nikamwachia nakala yake.

Hakukubali niondoke na njaa. Akanipakulia ugali wa mtama na maziwa mgando. Tukiwa tunakula akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamjibu ninaye mmoja, ana miaka mitano, yuko kwa mama yangu. Aliacha kula.

"Mimi wangu watatu niliwaacha kwa mama yangu miaka kumi na moja, nikihamishwa kituo hiki kwenda kile," akasema. "Nilipowachukua walikuwa na adabu. Mpaka leo wananiamkia vizuri. Lakini wakipata shida hawaji kwangu. Wanaenda kukaa kwenye kaburi la bibi yao."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikihesabu miaka ambayo Tumaini amekaa kwako.

Jioni hiyohiyo nililiweka faili mahali pake, nikaliandika jina lile ambalo programu hulitafuta, nikazima na kuwasha. Nilikibeba kishikwambi mpaka kitanda cha mwisho ukutani, mtandao umejaa. Nyangi akafungua taarifa za mgonjwa palepale alipokuwa amesimama. Kisha akakaa, akavua viatu, akacheka peke yake. Lakini kutoka huku hadi Mbinga ni siku mbili njiani, na Jumapili ilikuwa keshokutwa. Saa mliyokuwa kanisani nilikaa nyuma ya nyumba nikifikiria Tumaini amevaa gauni gani.

Mama, mara ya mwisho nilipopiga nilimsikia akikuuliza, "Huyu anti anataka nini?" Ulicheka, nami nikacheka. Baada ya kukata sikucheka.

Likizo yangu imesainiwa upya, nakuja mwisho wa mwezi. Nataka nirudi naye. Najua ninachokuomba. Wewe ndiye uliyemkesha alipougua surua, na najua nyumba hiyo itakavyokuwa kimya. Ukisema hapana sitakulaumu. Nitaomba uhamisho wa kuja huko na kusubiri, hata kama ni miaka. Ukisema ndiyo, tafadhali usimwambie kwanza. Tukae sote watatu, nimwambie mwenyewe, na wewe umshike mkono.

Nisalimie baba mdogo na mke wake, shangazi yangu wa kule bondeni, na mama mlezi wa ubatizo aliyesimama mahali ambapo nami nilipaswa kusimama. Mwambie nimemshukuru sana.

Mkumbatie Tumaini. Akikuuliza ni kwa nini, mwambie mama yake amemkumbuka.

Mwanao,
Anjela