Mtandio Ulioniumbua

Magomeni Mikumi,
Dar es Salaam.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Dada Evarista,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka misa ya kwanza, nikajimiminia chai nikasema leo Dada asipigiwe simu, aandikiwe. Kwenye simu mmoja wetu angelia, mwingine angemfuata, na vocha ingeisha hatujaambiana kitu.

Goti lako linaendeleaje? Shemeji Rogath amemaliza kuvuna kahawa? Na Mama yetu, anakula vizuri? Tangu macho yake yaingie ukungu, najua ni wewe unayemshika mkono hadi kanisani na kumwongozea rozari jioni. Ile kazi ni yangu mimi aliyenizaa, wewe mtoto wa baba mkubwa umeibeba bila kunung'unika. Mungu akuzidishie.

Sisi tu wazima. Wilbert anakusalimu, bado anakoroma. Jovin yuko chuoni Dodoma, simu zake huwa za kuomba nauli. Duka langu la vitenge pale Kariakoo linakwenda. Mvua ikijaza maji mtaani tunafunga, yakikauka tunafungua.

Sasa dada, kaa chini kidogo. Pasaka uliniuliza mbona sikuja nyumbani, nikakwambia mzigo umekwama bandarini. Hakuna mzigo uliokwama. Nina kitu shingoni.

Ni uvimbe, upande wa kulia chini ya sikio, unalingana na punje ya harage. Hauumi wala hauwashi. Niliugusa siku nafunga mkufu wangu wa msalaba. Hospitali wamenipima damu, wamenipiga picha, wamechoma sindano wakavuta majimaji kupeleka maabara. Majibu hayakuonyesha kitu kibaya, ila hayakuonyesha pia ni kitu gani. Wakarudia, yakaja yaleyale.

Daktari wangu ni binti, nadhani hajampita Jovin kwa mbali. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akasema, "Mama, sitakudanganya, sijui ni nini. Lakini tutakuwa tunauangalia. Kila nitakapokupangia, njoo." Nimeshaombewa na watu wenye sauti kubwa, dada, lakini neno la yule mtoto ndilo lililonituliza. Mtu akikiri hajui, na bado akakupangia siku ya kurudi, hajakuacha.

Sisemi siogopi. Kuna wakati napima kitenge cha mteja, mkono unapanda wenyewe shingoni kuangalia kama uvimbe umekua, mteja amebaki ananitazama. Zamani nikipiga magoti nilikuwa naanza na shingo. Siku hizi naanza na asante ya kuamka, shingo inafuata, na mara nyingine usingizi unanichukua kabla sijaifikia.

Ila nilikuwa naficha. Nikamweleza Shadya tu, yule jirani yangu wa Lindi anayeuza mabaibui duka la pili. Akanichagulia mtandio wa rangi ya kahawia akanifundisha kuubana kwa pini. Nilipohangaika nao mbele ya kioo akanicheka: "Shoga, usivae kama umejitwika kuni. Vaa kama umezaliwa nao." Nikavaa kama nimezaliwa nao. Wateja wakaanza kunitolea salamu za "Asalaam aleikum," nami kwa adabu naitikia. Siku moja naitikia hivyo, kumbe Mama Leticia, mwenyekiti wetu wa Jumuiya, amesimama mlangoni. Akanunua kitambaa haraka haraka akaondoka bila hata kulilia bei. Nikajua kuna kitu, Mchaga wa Kilema haachi bei hivihivi.

Na Jumamosi zile nilikuwa sitokei kwenye sala za Jumuiya, nikiogopa kukaa karibu na watu.

Basi wakaja nyumbani, Mama Leticia na mzee Marcelino, katekista wetu, mikononi rozari na chupa ya maji ya baraka. Wamenikuta na Shadya tunakunywa chai, mtandio wangu kichwani.

Mama Leticia akaanza, "Mama Jovin, hatujaja kukugombeza. Tunataka kujua tu, ni Baba Jovin aliyekukosea au ni sisi?"

"Mmenikosea nini tena?"

"Si umehama."

"Nimehama wapi, mama, si mmenikuta hapahapa?"

Mzee Marcelino akashusha sauti kama yuko kitubioni. "Tumesikia umesilimu, mama."

Shadya akaweka kikombe chini. "Angekuwa amesilimu mngekuta nimeshachinja mbuzi. Huyu hata pini bado nambania mimi."

Nikachomoa ile pini, nikavua mtandio, nikageuza shingo waone. Mama Leticia, ambaye unamjua kwa jinsi ninavyokusimulia, redio isiyozimwa, akanyamaza. Mzee Marcelino akaangalia kitabu chake akasema, "Basi tumekuja na sala isiyo yenyewe," akaanza kutafuta ukurasa wa wagonjwa. Tulicheka, dada, nikacheka hadi nikalia, na nilipolia Shadya akanishika huku na Mama Leticia huku. Sala ile ilisaliwa Shadya akiwa palepale, na mwisho aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko sisi.

Kesho yake Mama Leticia alirudi na jani la isale. Sijui alilipata wapi katika mji huu, nadhani kwa wale wauza maua ya vyungu. Alikuwa amewaambia watu wengi kwamba nimehama dini, akaja kuomba radhi. Nawe unajua, Mchaga akikujia na isale humrudishi. Tangu hapo Jumuiya inasali kwangu Jumamosi zote za karibu na siku ya daktari, na siku yenyewe Shadya ananisindikiza, anafunga duka lake.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na mtandio, na namshukuru Mungu alivyochagua kwa huruma.

Ndiyo maana nakuandikia. Pasaka sikuogopa macho ya watu wa nyumbani. Niliogopa mikono ya Mama. Siku hizi si anasalimia kwa kupapasa, kuanzia kwenye paji la uso, masikio, akishuka shingoni? Mtandio usingenisaidia, angeuvua mwenyewe akiulizia ninaumwa nini.

Krismasi tunakuja, mimi, Wilbert na Jovin. Daktari ananisubiri Januari, na hata huko sijui nitajibiwa nini. Naomba umwambie Mama kabla sijafika. Chagua saa ambayo ameshakula, mshike mkono, mwambie yote kama nilivyokuandikia, hata lile la kutojua. Usimpunguzie wala usimwongezee.

Wasalimie sana shemeji Rogath, Angela na watoto wake, na Baba Mdogo Eliasi, mwambie tumbaku yake ninayo. Bikira Maria awafunike wote mpaka tuonane.

Nitashuka shingo wazi. Mwambie Mama akiufikia uvimbe asirudishe mkono, auache hapo kidogo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, uliyenibeba mgongoni,
Matilda