Maswali Manne Uliyoyaita Yako

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Dadako, mama yangu, hajambo, ila kiuno kinamsumbua. Nami nipo Shella, hapa Malindi, chumba kile kile, nyuma ya cherehani. Nashona mapazia ya hoteli moja ya Watamu. Vitambaa vinaingia majora, vinatoka mapazia, mimi nabaki. Ukumbi wenu wa sinema umepooza. Wenye uwezo wamenunua video, wanatazama majumbani.

Wazikumbuka Jumatano alasiri, onyesho la wanawake? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na Baba ameshakata shauri kwamba shule basi. Ruhusa niliyobakiwa nayo ilikuwa kukuletea chakula chumba cha mashine ya kuonyeshea filamu. Chini ukumbi umejaa mabuibui na vicheko, juu tuko wawili na joto la ile taa. Filamu ikiendelea, ulikuwa ukiziba kitundu cha ukutani kwa kiganja na kuniuliza, "Haya, pembeni kulikuwa na nini?" Nikisema sikuona, ukinambia basi sikutazama. Siku niliyokwambia nataka kutengeneza filamu hukucheka. Ulifuta grisi mikononi, ukanambia nianze kwa kuandika yale ambayo ningewauliza wanaozitengeneza.

Kisha ikasikika kwamba yule mwongozaji wa Nairobi, ambaye filamu yake nilikuwa nimeitazama Jumatano tatu mfululizo, angekuja mwenyewe Jumamosi kuzungumza na watazamaji. Nilimwomba Baba ruhusa wakati wa chakula cha mchana.

"Mtoto wa kike hasimami mbele ya kadamnasi kuhoji wanaume," alisema, akaendelea kula.

Nikakupa karatasi yenye maswali manne. Uliikunja ukaitia ndani ya kofia.

Jumamosi ile jioni ulinikuta jikoni nikikuna nazi, ukasimama mlangoni kunipa majibu. Niliuliza ajuaje pa kukata picha ya mtu anayelia. Alisema hukata mapema, mtazamaji amalizie mwenyewe. Niliuliza mbona yule mwanamke wa filamu yake alifunga mlango tukaachwa nje. Alisema chumba kilikuwa kidogo, kamera haikuingia. Tulicheka sana, Mjomba. La tatu, mtu asiyeruhusiwa kutoka nyumbani apige picha gani? Alisema apige kinachoonekana dirishani, kisha angoje. Hapo sikucheka. La nne lilikuwa: ulimwambiaje babako? Ulitazama chini ukasema hilo hakulijibu.

Mwaka ule ule Baba alizikatiza Jumatano zangu. Nikaletewa cherehani.

Ulipofariki mwaka jana, Kahindi, mkata tiketi wenu, alishuka kutoka kwao Kaloleni kuja matangani. Alikuja mlango wa nyuma kunipa pole, akanisimulia habari zako akidhani nazijua. Alisema watu walipotawanyika Jumamosi ile, mwongozaji alikufuata na ile karatasi yangu mkononi, akauliza ni nani aliyeyaandika maswali yale. Rafiki wawili wa Baba, wa msikiti mmoja naye, walikuwa wamesimama pale pale. Ukajibu, "Ni yangu." Akakwambia anaanza kazi mpya, anatafuta mtu wa kujifunza chini yake, na anayeuliza hivi ndiye anayemtaka. Ukasema umri umekwenda, mashine yakutosha.

"Akamshika mkono, dada," Kahindi alinambia. "Akamwambia lile la nne lilimfanya akose usingizi, kwa kuwa babake alikufa hawasemezani."

Kumbe alilijibu.

Nimelipima jambo hili miezi mingi, mguu kwenye kanyagio la cherehani. Najua ungelitaja jina langu, habari ingefika kwetu kabla yako, na Baba angenifungia hata ule mlango mmoja. Ulinikinga. Ila siku ile mlango mwingine ulifunguliwa, Mjomba, ukasimama wewe kizingitini, na mimi niko jikoni nakuna nazi. Ungeninong'oneza tu. Pengine nisingeweza kwenda. Baba ni yule yule hadi leo. Lakini ningejua kwamba niliitwa. Kuna siku nakuombea dua nikiwa na hasira, sijui kama zinafika.

Basi nilimwandikia yule mwongozaji. Kahindi alikuwa bado na tangazo la filamu ile lenye anwani, akanipostia barua. Nilimweleza yote, nikayaandika maswali manne upya, nikatia jina langu, Rukia. Miezi miwili nikasikiliza kila baiskeli inayosimama nje.

Jibu limekuja juzi, karatasi moja iliyopigwa taipu. Anasema kila wiki anapokea barua za vijana wenye visa virefu. Maswali haya, anasema, anayakumbuka vizuri, aliulizwa Malindi na mzee mmoja mwendesha mashine ya filamu, na si vyema binti kujipa jina kwa akili ya mtu mwingine. Mwisho anasema hajapata kuulizwa tena maswali kama yale, na kama yule mzee ni jamaa yangu, nimfikishie salamu.

Nimesoma mara nyingi. Sina wa kunishuhudia ila wewe.

Basi, Mjomba, unasalimiwa.

Mpwa wako,
Rukia